Ng'ombe Arobaini wa Mama Aksanti

Akina mama, siku mtu mwenye suruali iliyonyooka kwa pasi atakapokaa kwenye kiti chako, ale ugali wako, kisha akuulize kama wewe ni mkulima, kabla hujamjibu muulize anataka kujua kwa nini. Mama Aksanti hakuuliza. Ndiyo maana alilala mpakiaji wa viatu akaamka tajiri wa ng'ombe arobaini, yeye ambaye pale Louisville mnyama pekee aliyewahi kuingia kwake alikuwa paka wa jirani, tena kwa kupitia dirishani bila kualikwa.

Jina lake la ubatizo ni Laurentine, lakini linatumika kazini tu, kwenye depo la viatu, na hata huko bosi alilifupisha likawa Lori. Kwetu yeye ni Mama Aksanti kwa sababu mzaliwa wake wa kwanza ni Aksanti, na huyo Aksanti ndiye ugonjwa wake. Aksanti hakuja Amerika. Familia ilipoitwa kambini, kule Uganda, msichana alikuwa amepita umri wa mtoto. Wakamtoa kwenye faili la mama yake, wakasema lake litakuja nyuma. Mama akapanda ndege na mdogo, Gracieuse, akidhani anamtangulia mkubwa kwa miezi michache. Miezi ikazaa miaka. Kila anayemsalimia kanisani, "Mama Aksanti, habari ya asubuhi," anamtia kidole kwenye kidonda na kuondoka zake akitabasamu.

Wenye kujua mambo walimwambia dawa ni moja: chukua uraia. Karatasi za mwenye green card, walisema, zinatambaa kama mtoto. Za raia zinatembea kwa miguu. Basi mama wa watu akawa anaishi kama aliyebeba mayai kichwani, akisubiri muda wake wa kuomba ufike. Hagombani na mtu, hachelewi kulipa nyumba, havuki taa nyekundu hata akiwa kwa miguu na barabara haina gari.

Bon. Ikaja korona. Makanisa yakafungwa, Pasta Liberati akawa anatuhubiria kwa simu, na kwa kuwa alizoea kuilaza simu mezani, mwaka ule tulipokea neno la Mungu kutoka matundu ya pua yake. Depo likapunguza masaa. Na hapo ndipo Methodi alipotokea, kutoka Columbus.

Methodi alikuwa ndugu katika Bwana. Anaimba besi, ananukia vizuri, anajua Kiingereza cha ofisi, na alikuwa anazunguka kwa watu wetu na kompyuta mgongoni kama mganga na mkoba wake. Habari aliyoibeba ilikuwa njema kabisa: serikali inawapa msaada wakulima walioumizwa na korona. Huko kaunti za mashambani wazungu wanapokea mpaka mikono inachoka. Sasa sisi, watu wa jembe tangu tumboni mwa mama, tukae tunapakia viatu na kutazama?

"Mama Aksanti, kule nyumbani Kalehe weye ulikuwa unalima ao haukuwa unalima?"

Alikuwa analima.

"Na ng'ombe?"

Baba yake alikuwa nao, Mungu amrehemu, mpaka wenye bunduki walipokuja kuwaswaga.

"Donc uko mulimaji. Mimi sitaandika uongo hapa, mimi ni mtu wa kwaya."

Akaandika. Nyuma ya apartment Mama Aksanti alikuwa na kipande cha lengalenga, ule mchicha wetu, kikubwa kama mkeka wa watu wawili, na hicho ndicho kilichokua vidoleni mwa Methodi mpaka kikawa shamba katika Kaunti ya Tolliver, mbali kusini mwa Louisville, mahali ambapo Mama Aksanti hajawahi kukanyaga hata kwa kupotea njia. Alipouliza mbona Tolliver, akaambiwa mjini hakuna wakulima, kompyuta inakataa. Gracieuse, aliyekuwa bado sekondari, aliinua macho kwenye simu yake akauliza kwa Kiingereza ni shamba gani hilo. Methodi akamjibu kwa upole kwamba hayo ni mazungumzo ya wazazi, na kama kuna mchuzi uliobaki amletee.

Mtasema: mtu mzima, mama wa watoto, alikubalije? Ninyi mliokuja na viza mtasema hivyo. Waliopita kambini hawatasema, kwa sababu wanaijua habari ya Zihindula na maharage yake.

Zihindula alikuwa jirani wa Mama Aksanti kule kambini. Kwenye mahojiano ya kwanza alisema wenye bunduki walifika maharage yakiwa motoni. Kwenye ya pili akasema waliwakuta wanakula. Aliyekuwa anamhoji akaweka kalamu chini, na faili la Zihindula likakwama pale pale mpaka wanawe wakaota ndevu. Tangu siku ile mstari mzima wa vibanda ukawa unafanya mazoezi. Wake waliwahoji waume zao wakiwa kwenye foleni ya maji, watoto waliulizwa mbuzi alikuwa wa rangi gani, na asiyekumbuka alipewa rangi akaishika. Sheria ilikuwa moja, nayo ilifika Amerika kabla ya masanduku: ukishasema, umesema. Ulichojibu jana ndicho utakachojibu leo, hata kama leo umegundua kwamba jana ulikosea.

Pesa zilikuja haraka kuliko mshahara. Methodi akachukua nusu, akaiita mbegu. Nusu nyingine ilipita kwa Mama Aksanti kama upepo: nyanya yake Aksanti akafanyiwa upasuaji wa jicho, Aksanti mwenyewe akafungua kibanda cha kusuka nywele, na huku Louisville likanunuliwa friza kubwa jeupe ambalo mpaka leo linakaa sebuleni kwa sababu halikupita mlango wa jikoni. Kanisa lilipofunguliwa, wakulima walisimama mbele kutoa shukrani. Pasta Liberati akapokea fungu la kumi la maziwa ya ng'ombe ambao hawajazaliwa, akawaombea waongezeke. Shemeji yake Mama Aksanti, Masumbuko, mdogo wa marehemu mume wake, naye alisimama. Methodi alikuwa amemfanya yeye mfugaji wa bata mzinga, ndege ambaye Masumbuko alikuwa hajawahi kumwona akiwa na kichwa.

Baadaye simu ikalia. Ilikuwa ofisi ya msaada, pamoja na mkalimani, kijana wa Kitanzania mwenye Kiswahili kilichochanwa na kupakwa mafuta. Kwa kinywa cha huyo kijana ndipo Mama Aksanti alipojulishwa ukubwa wa utajiri wake. Je, ni kweli ana ng'ombe wa maziwa arobaini?

Baba yake, katika siku zake nzuri kabisa, hakufika hata nusu ya hapo. Na hapo, akina mama, mlango ulikuwa wazi. Angesema hapana, kuna makosa, mambo yangeishia pale pale. Lakini masikio yake yalisikia mahojiano, na mahojiano yana jibu moja.

"Ndiyo, ni kweli."

Ana wafanyakazi watatu? Ni kweli. Shamba ni lake mwenyewe? Ni kweli. Na korona iliwadhuru vipi ng'ombe wake? Hilo halikuwa la kujibiwa ni kweli, ikabidi mtu ajitegemee.

"Mmoja alikohoa," akasema.

Mkalimani akatafsiri.

Simu ikakatwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza tena. Mama Aksanti akarudi kwenye viatu vyake. Gracieuse akamaliza sekondari, akaanza kusomea uuguzi. Muda wa kuomba uraia ukafika, maombi yakapelekwa, na tarehe ya kuonana na ofisa ikapangwa. Kila akitoka kazini Mama Aksanti alikaa na Gracieuse juu ya friza, maana lilikuwa kama benchi, wakifanya mazoezi ya maswali: nani anatunga sheria, bendera ina mistari mingapi. Mama alikuwa hodari. Mtu aliyezoea kukariri rangi ya mbuzi hashindwi na mistari ya bendera.

Kisha wakafika kwenye swali linalouliza kama umewahi kuiambia serikali ya Marekani jambo lisilo la kweli. Gracieuse alilisoma, akaangalia friza walilokalia.

"Mom," akasema. "The cows."

Mama yake akamjibu kwamba ukishasema, umesema. Gracieuse akaeleza kwa Kiingereza, polepole kama anavyoongea na wagonjwa, kwamba jambo lile lina jina, linaitwa fraud, na kwamba watu wananyimwa uraia kwa ajili yake, wengine wanapelekwa mahakamani. Akauliza kama mama anaelewa kwamba bila uraia Aksanti atazeekea kambini. Hilo la Aksanti alilisema kwa Kiswahili, ili liume.

Wiki hiyo hiyo ofisi ya msaada ikapiga tena. Walikuwa wanafunga mafaili ya zamani, na kabla ya kulifunga la kwake mtu wao angependa kupita Tolliver aone shamba. Mama Aksanti alilelewa vizuri. Mtu akikuambia anakuja kwako, kuna neno moja tu.

"Karibu sana," akajibu. "Nitapika."

Alipoweka simu chini ndipo alipopiga hesabu. Mgeni anakuja kwenye shamba ambalo halipo, kuangalia ng'ombe ambao hawapo, na wiki chache baadaye ofisa wa uraia atamwangalia usoni na kumuuliza kama amewahi kudanganya. Akaona dawa ni moja: Methodi aliyewaweka ng'ombe kwenye kompyuta awatoe. Akampigia. Namba ilikuwa imekufa.

Masumbuko ndiye aliyekuwa na gari. Yeye naye hakuwa na amani tangu siku aliyomwona bata mzinga mzima kando ya barabara na kugundua alikuwa anafuga kitu cha kutisha namna ile. Jumapili mapema wakashika njia ya Columbus, moja kwa moja mpaka kanisani kwa Methodi, wakawakuta watu wanatoka ibadani.

Ukitaka kujua jinsi watu wetu wanavyoweza kutazama viatu vyao, nenda kwenye maegesho ya kanisa lile uulizie Methodi. Nusu ya kwaya ilikuwa na mashamba. Mzee Mutware, asiyekunywa hata soda kwa sababu ina povu, alikuwa na shamba la zabibu za mvinyo. Mama mmoja wa maombi, aliyewahi kumtoa mtu pepo la sigara, alikuwa mkulima wa tumbaku. Kila mmoja alikuwa amepigiwa simu na ofisi, na kila mmoja, kwa kuwa wote walikuwa watoto wa kambi, alikuwa amejibu kwamba ni kweli.

Mtu akamshika Mama Aksanti bega kwa nyuma. Alikuwa Zihindula. Zihindula wa maharage, mzima, ndani ya koti la Amerika, na wanawe wenye ndevu wamesimama nyuma yake kama walinzi. Mama Aksanti alimkumbatia, akamuuliza amefikaje, wakati kila mtu aliyemjua alijua faili lake limekufa.

"Halikufa, nililinyonga mwenyewe," Zihindula akasema. "Miaka yote ile wakiniuliza, nilikuwa najibu yote mawili ni kweli. Maharage yako motoni, na sisi tunayala. Mwishoni nikachoka, nikamwambia yule binti wa mahojiano: nilikosea, tulikuwa tumeshaanza kula. Unajua alifanya nini? Aliandika mstari mmoja. Mmoja tu, Mama Aksanti. Akaniuliza mbona sikusema mapema."

Masumbuko alicheka mpaka akaegemea gari la watu. Mama Aksanti hakucheka, na kwa kweli hakuamini. Mtu aliyeshindwa kukumbuka maharage yake mwenyewe, akajiambia, leo anafundisha wengine nini? Alichotaka kwa Zihindula ni anwani ya Methodi, nayo akaipata: Methodi alihamia Buffalo, mtaa wa Black Rock, kanunua nyumba. Wakalala kwa Zihindula, wakamaliza maharage yake sahani mbili, asubuhi wakaendelea.

Buffalo ilikuwa bado nyeupe kwa theluji. Black Rock ni mitaa ya nyumba za mbao, za zamani, karibu na mto na viwanda vilivyochoka, na watu wetu wengi wamenunua huko kwa sababu bei haiogopeshi. Ya Methodi ilikuwa imepakwa rangi mpya mbele na kusahauliwa ubavuni. Mke wake Chimène alifungua mlango, na kabla ya salamu kutoka, harufu ilitoka.

Mama Aksanti alikua na wanyama. Pua yake haikuhitaji mkalimani. Ilikuwa mbuzi.

Chimène hakuficha kitu. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza akiba ya kuficha. Akawakaribisha, akawakalisha, akaomba radhi kwamba chai itachelewa kwa sababu mbuzi wametafuna waya wa mashine ya maji moto, naye anaoga maji ya baridi tangu Noeli. Kisha akaelekeza mlango wa ngazi za chini ya nyumba, kwa kidevu.

Methodi alikuwa huko chini, amevaa ile ile suruali ya pasi, anagawa majani ya kabichi ya dukani. Wale mbuzi walikuwa wanene, wameridhika, na mmoja alikuwa amelalia joho la kwaya. Alipowaona wageni alianza kwa kucheka, kicheko cha besi, lakini hakikufika mbali. Mama Aksanti akamsalimia kwa heshima, akamuuliza habari za mifugo, kisha akamwambia shida yake: mgeni anakuja Tolliver, tarehe ya uraia iko karibu, awatoe ng'ombe wake kwenye kompyuta.

Haiwezekani, Methodi akasema. Kitu kikishaingia serikalini hakitoki. Yeye mwenyewe alijiandika ana mbuzi katika nyumba hii hii, wakampigia kwamba watakuja kuangalia, akaenda kununua kwa mzungu mmoja huko nje ya mji, akawashusha usiku kwa ngazi. Basi anawasubiri. Watafika tu.

"Umewasubiri tangu lini?" Masumbuko akauliza.

Chimène, aliyekuwa amesimama ngazini, ndiye aliyejibu. "Walikuja mbuzi watatu. Hesabu mwenyewe."

Masumbuko akahesabu kwa kidole, akafika kwenye vitoto vilivyojibanza nyuma ya mashine ya kufulia, akaacha.

Methodi akamsogelea Mama Aksanti na kushusha sauti, ile sauti ya kumalizia maombi. Alikuwa na njia. Kule Tolliver kuna wazungu wenye ng'ombe wengi. Anaweza kumtafutia mmoja akodishe arobaini kwa siku moja, kwa kitu kidogo tu cha shukrani, na yeye Methodi akitafutiwa chake kidogo zaidi. Mama Aksanti avae buti, ashike ndoo, asimame katikati yao.

"Usibadilishe hadithi, mama. Weye ulipita kambi. Uliona nani kule alibadilisha hadithi akafika Amerika?"

Sasa hilo lilikuwa swali la mtego, na Methodi hakujua ameutegea mguu wake mwenyewe. Kwa sababu Mama Aksanti aliulizwa, na kwa mazoea ya miaka akatafuta jibu la kweli, na jibu likaja limevaa koti la Amerika: Zihindula. Alibadilisha hadithi. Jana tu alimpakulia maharage. Aliyekwama kambini alikuwa yule Zihindula aliyeshikilia yote mawili ni kweli.

Akaangalia mbuzi. Akaangalia Chimène, mwanamke aliyekuwa na nyumba yake ya kwanza maishani naye haogi maji moto ndani yake. Akamwona Methodi anavyomtengea yule mbuzi mwenye mimba kabichi laini zaidi, na akaelewa kwamba uongo huu haumaliziki ukishausema. Unakula. Unataka majani kila asubuhi, na ukilala unazaa.

"Kaka Methodi," akasema, "wape maji. Beseni lao ni kavu."

Akapanda ngazi. Chimène akamfuata mpaka mlangoni, wakashikana mikono muda mrefu kuliko kawaida ya watu waliojuana saa moja. Garini Masumbuko alianza kupiga hesabu za kukodisha bata mzinga, mpaka shemeji yake akamwomba kwa adabu anyamaze au ashuke atembee mpaka Louisville.

Akina mama, sitawadanganya kwamba baada ya hapo palikuwa laini. Gracieuse alimpeleka kwanza kwa mwanasheria wa msaada wa bure, msichana mdogo anayekula karoti mezani kwake, na msichana alisikiliza habari yote, akasimamisha karoti alipofika kwa ng'ombe aliyekohoa, akaomba arudiwe. Kisha akasema kinachotakiwa kufanywa, kwa utaratibu gani, na kwamba hawezi kuahidi mwisho wake. Nendeni kwa watu kama huyo. Wako. Hawachukui nusu.

Wakapiga simu ofisi ya msaada wakiwa pale pale kwa mwanasheria. Mkalimani, katika wote walioko duniani, akawa yule yule kijana wa mafuta. Mama Aksanti alishika ukingo wa meza.

"Nilisema nina ng'ombe. Sina ng'ombe. Mgeni wenu asisumbuke."

Kijana akatafsiri, akasikiliza, akarudi. "Wanauliza, wote arobaini?"

"Wote."

"Na shamba?"

"Nina lengalenga," akasema Mama Aksanti. "Mkitaka nilete mavuno, nitaleta lengalenga."

Kisha wakamwambia pesa zote zitarudi, na sehemu ya Methodi ikiwemo, kwa sababu jina lililosainiwa ni lake. Zitalipwa kidogo kidogo. Kuhusu mengine, wangeangalia. Hayo maneno "tutaangalia" yamekaa naye mpaka leo kama mwiba chini ya ukucha.

Siku ya uraia alikwenda hivyo hivyo. Ofisa alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba. Nani anatunga sheria, alijibu. Mistari ya bendera, alijibu. Likaja lile swali, na wote kanisani waliomshauri, wakiwemo wenye zabibu na tumbaku, walikuwa wamemwambia kuna jibu moja, neno fupi, hapana, na utoke na bendera mkononi. Aksanti alikuwa upande wa pili wa neno hilo. Lingemleta. Mama Aksanti alilisikia kabisa likipanda kooni.

"Yes," akasema.

Ofisa akaacha kuandika. Basi Mama Aksanti akaeleza, kwa Kiingereza chake cha depo, chenye maneno mengi ya maboksi na machache ya kila kitu kingine, kwamba alisema ana ng'ombe, kwamba hakuwa nao, kwamba aliogopa kubadilisha, na kwamba sasa amebadilisha na analipa. Akatoa karatasi za mwanasheria. Ofisa alizisoma zote. Alivua miwani, akamwambia siku hiyo hawezi kumpitisha. Hakumkatalia, faili litawekwa pembeni mpaka lile la ofisi nyingine limalizike, ndipo ataitwa. Lini, hakujua.

Yule mama akamsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo watu wanasema hawafanyi.

Mama Aksanti akaomba zamu ya pili kazini. Analipa ng'ombe wake ukwato kwa ukwato. Masumbuko naye amekwenda kwa msichana wa karoti kuwakana bata mzinga. Methodi, tumesikia, aliuza mbuzi wakati wa Pasaka baada ya Chimène kwenda kukaa kwa dada yake, mtaa wa Riverside, na kukataa kurudi mpaka maji yawe moto. Serikali imemfungulia kesi, nayo ameanza kuijibu peke yake.

Simu iliyokuwa nzito kuliko zote ilikuwa ya Aksanti. Mama yake alimpigia asubuhi, Uganda ikiwa jioni, akamwambia yote bila kupunguza: kibanda chake cha kusuka kilitoka wapi, pesa za jicho la nyanya yake zilitoka wapi, kwa nini ndege yake imesogezwa tena, na kwamba aliyeisogeza ni mama yake mwenyewe kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha akasubiri.

"Mama," Aksanti akasema mwishowe, "yule aliyekuwa anakohoa, alipona?"

Mama Aksanti alikuwa amekaa juu ya friza. Akajifuta uso na kanga.

"Alikufa. Wote walikufa. Niliwaua mimi mwenyewe kwa simu."

Aksanti akacheka, na kicheko kilikuwa na machozi ndani, kila mtu angesikia. Akasema sawa. Akasema ana mteja amesukwa nusu kichwa amekaa anamtazama, ngoja amalize, atapiga tena kesho.